Je, wajua? Kujitenga na maoni ya wengine huweza kuokoa wazo la kweli

Ukienda kliniki Nairobi ukilalamika tumbo linachoma, huenda daktari akakupima H. pylori, bakteria wa tumboni wanaoweza kusababisha vidonda vya tumbo. Ukikutwa nao, unaandikiwa antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi. Tiba hiyo ilichelewa miaka mingi, na sababu mojawapo ni kwamba wanasayansi walisikilizana mno.

Mwaka 1954, Mmarekani aitwaye Palmer alitangaza kwamba amechunguza vipande vya tumbo vya wagonjwa zaidi ya 1,000 bila kuona bakteria wowote. Rangi aliyopaka vipande hivyo ili kuvitazama kwa hadubini haikuwa ya kuwaonyesha bakteria vizuri. Hata hivyo utafiti wake ulikuwa mkubwa, ukasomwa kila mahali, na wazo kwamba vidonda huletwa na bakteria likaachwa. Lawama zote zikaelekezwa kwa asidi na mawazo mengi. Robin Warren na Barry Marshall walipowaotesha bakteria hao maabara huko Perth, Australia, ilikuwa 1982! Tuzo ya Nobel wakaipata 2005.

Mwanafalsafa Kevin Zollman aliupima mkasa huu kwa mifano ya kompyuta. Watafiti wanaopashana kila matokeo hukubaliana haraka, lakini swali likiwa gumu hukosea mara nyingi zaidi. Waliotengana kidogo huchelewa, ila kila kundi hupata muda wa kulijaribu wazo lake kabla halijazimwa na sauti ya wengi.

Kwa hiyo naamini kiputo cha habari, yaani kundi lisilofikiwa na maoni ya nje, kinaweza kufaa, mradi kipasuke wakati wake. Kisipopasuka, wazo la kweli hubaki humo. Daktari John Lykoudis wa Ugiriki alitibu vidonda vya tumbo kwa antibiotiki tangu 1958; hakuaminiwa, na wagonjwa wa kwingine hawakufaidika.

Hatari kubwa iko kwingine. Mwanafalsafa C. Thi Nguyen anatofautisha kiputo, ambamo sauti za nje hazijafika tu, na chumba cha mwangwi, ambamo watu wamefundishwa kutoziamini. Chukua kundi la WhatsApp la kina mama wa mtaa wa Umoja, ambalo msimamizi wake ni muuguzi anayefuta kila uvumi kuhusu chanjo. Ni kiputo, na kinawalinda watoto. Sasa mama mmoja alete karatasi ya hospitali inayopingana na alichosema muuguzi. Wakiisoma na kuijadili, kundi bado linajifunza. Akiambiwa amenunuliwa, kisha akaondolewa, hapo mlango umefungwa kwa ndani.