Kabla hujampeleka mzee nasingi homu, nenda Jumapili

Huku Marekani kila mwezi lazima nipigiwe simu, dada wewe nesi wa wazee, baba mkwe tumpeleke nasingi homu gani, yani nyumba ya kutunzia wazee, na mtu keshafungua ule mtandao wa Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, unaozipa nyumba hizo nyota moja mpaka tano. Sawa, ila zile nyota ni mchanganyiko wa ukaguzi, idadi ya wafanyakazi na vipimo kama vidonda na kuanguka, na hivi vya mwisho data nyingi nyumba yenyewe ndo inajaza, yani mwanafunzi anajisahihishia mtihani!

Mi huwa naenda moja kwa moja kwa wafanyakazi. Toka 2016 masaa yao yanachukuliwa kwenye rekodi za mishahara, kudanganya si rahisi kama zamani, na toka 2022 wanaonyesha na masaa ya wikendi na asilimia ya walioacha kazi. Hizo mbili ndo nazisoma kwanza.

Kwa nini wikendi? Vidonda vya kulalia. Mzee asiyeweza kujigeuza tunamgeuza, mazoea yetu kila masaa mawili, unambadilisha pampasi, unaangalia visigino na pale chini ya mgongo kama ngozi imeanza kubadilika rangi. Sasa Jumapili CNA (msaidizi wa nesi) mmoja kapiga simu anaumwa, aliyebaki ana wazee 15, kila mmoja dakika 10, hizo ni dakika 150, masaa mawili yameisha mzunguko wa kwanza haujaisha na hajalisha mtu, hajaitikia kengele hata moja. Halafu ukifungua faili imeandikwa wote wamegeuzwa (nimeyaona sehemu niliyowahi kufanya kazi, nikakaa kimya siku mbili kabla ya kusema, bado naona aibu).

Na walioacha kazi, hapo kuna bibi mmoja alipata stroku haongei, CNA wake wa siku zote alikuwa anajua akisukuma kikombe cha chai maana yake anaumia. Yule dada alipohama, mgeni akaandika bibi hataki kunywa.

Serikali 2024 iliweka kiwango cha chini cha masaa 3.48 ya wahudumu kwa kila mzee kwa siku, 2025 mahakama Texas ikakifuta, kwa hiyo macho ni yako.

Nenda Jumapili saa kumi jioni, sio Jumanne asubuhi wanapokusubiri na keki. Mwache meneja, muulize CNA leo ana wazee wangapi. Akicheka kabla ya kujibu, we jibu unalo.