Sampuli nasibu na sampuli ya waliopatikana

Mara kwa mara, katika tasnifu zinazohusu uongozi wa kanisa, sura ya mbinu za utafiti inasema kwamba washarika walichaguliwa kwa nasibu, na ukiendelea kusoma unakuta kwamba hojaji ziligawiwa mlangoni baada ya ibada ya kwanza mpaka zikaisha; hiyo ni sampuli ya waliopatikana, si sampuli nasibu. Sampuli ni watu wachache wanaochaguliwa kuwakilisha kundi zima. Sampuli nasibu ni ile ambayo kila mtu katika kundi linalotafitiwa ana nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa, na anayeingia huamuliwa kwa kura ya bahati nasibu, pasipo hiari ya mtafiti wala ya mtafitiwa.

Kinachowapotosha wengi ni kudhani kwamba asiyekusudia kumpendelea mtu amekwisha kuchagua kwa nasibu. Mtafiti aliyesimama mlangoni huenda hakuwa na upendeleo wowote moyoni, lakini mahali na saa aliyosimama vimemchagulia watu: mlinzi aliyekesha lindoni, mgonjwa, mama aliyejifungua juzi, na yule aliyeacha kuja kwa sababu uongozi ulimkwaza, wote hao hawakuwa na nafasi hata kidogo. Kiongozi anayeuliza hapo kama watu wanaridhika na huduma yake anawauliza wale ambao hawajakata tamaa naye, kisha anaandika asilimia kana kwamba usharika wote umesema.

Wala wingi wa hojaji hauiponyi kasoro hiyo. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za maoni zipatazo milioni 10, kwa sehemu kubwa kwa watu waliopatikana katika orodha za simu na za magari; zilirudi zaidi ya milioni 2, nalo likatabiri kwamba Landon angemshinda Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Landon alipata majimbo 2 tu kati ya 48. Orodha zile ziliwaacha nje maskini wengi, na waliojitaabisha kujibu hawakufanana na walionyamaza.

Kwa kiongozi Mkristo jambo hili halikomei kwenye takwimu. Waraka wa Yakobo, sura ya 2, unawakemea waliompa mwenye pete ya dhahabu mahali pazuri pa kuketi na kumwambia maskini asimame kando. Kuhesabu sauti za walio karibu na kuziita sauti za wote ni upendeleo wa namna hiyohiyo, hata kama umeandikwa kwa majedwali. Kura nayo si ngeni katika imani yetu: katika Matendo 1 mitume waliweka kwanza sifa za anayefaa, wakaomba, ndipo wakapiga kura iliyomwangukia Mathiya, na hivyo wenye mamlaka wakauachia uchaguzi utoke mikononi mwao.

Basi, ndugu mtafiti, daftari la usharika likiwa na majina 1,200 nawe unahitaji 120, piga kura upate namba moja kati ya 1 na 10, uanzie kwenye jina lenye namba hiyo, kisha uchukue kila jina la kumi linalofuata; na aliyeangukiwa asipopatikana, umrudie nyumbani kwake badala ya kumjaza jirani yake. Muda au nauli visiporuhusu, andika wazi kwamba ulitumia sampuli ya waliopatikana kwa urahisi, na matokeo uyataje kuwa ya waliojibu.