Kinyaa si kukinai, wala si kutopenda

Mwezi uliopita hapa Unguja nilipanda gari la abiria, yale yaitwayo chai maharage, kutoka shamba kurudi mjini, na kwenye benchi la upande wa pili, tukikabiliana, alikaa mama wa makamo aliyekuwa na pakacha miguuni lenye madoriani mawili, yale matunda ya harufu kali. Harufu ilikuwa imejaa gari zima kabla hatujafika Mwera. Kijana mmoja alijifunika pua kwa kola ya shati lake akasema, kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Mama, umetupakilia nini humu? Kinyaa hiki!" Mama yule hakuinua hata uso. Alilivuta pakacha likamkaribia zaidi, akajibu, "Kinyaa kiko chooni, mwanangu. Hili nimelinunua." Abiria walicheka, utingo akacheka kuwashinda, na kijana akanyamaza mpaka Mwanakwerekwe.

Jibu lile nimekaa nalo kichwani tangu siku hiyo, kwani kijana yule si wa kwanza. Siku hizi kila chakula ambacho mtu hakipendi hupachikwa jina hilo moja: doriani ni kinyaa, papa mkavu ni kinyaa, mboga ya mchunga ni kinyaa kwa sababu ni chungu, na juzi nilimsikia mtoto wa jirani akisema kuwa chai isiyo sukari ni kinyaa. Neno linatumika mpaka linachakaa, na maneno mengine matatu au manne yaliyokuwa yakifanya kazi kando yake yanasahauliwa.

Maana yake haihitaji maelezo marefu. Kinyaa ni hali ya nafsi kukikataa kitu kwa sababu inakiona kichafu, au inadhani kimeguswa na uchafu, kiasi kwamba kukitia mdomoni, na mara nyingine kukifikiria tu, huichefua roho. Kinyaa vilevile ni jina la huo uchafu wenyewe. Tabu yote iko kwenye asili ya neno, na hapo ndipo mama wa madoriani alipomzidi kijana.

Kinyaa kimetokana na kitenzi cha kunya. Ni kitenzi kikongwe cha Kibantu, na hata Wazulu wanacho kwa sura na maana iyo hiyo. Sisi tunacho katika methali ambayo kila mtu anaijua: kunya anye kuku, akinya bata kaharisha. Kinyesi kimechipuka katika shina hilo hilo, na mvua nayo imo katika ukoo huo, kwani wazee walisema mvua yanya bila kuona aibu yoyote, na kunyesha kwetu kwa leo ni mnyambuliko wa kitenzi hicho. Nadhani ni adabu iliyolipoteza neno. Kwa kuwa mtu mstaarabu hasemi kunya mbele za watu, bali husema kwenda haja, kitenzi kimesukumwa uani na watoto hawakisikii ila kwenye methali na matusi, na kinyaa kimebaki barazani peke yake kama yatima ambaye hakuna anayemjua mama yake. Anayelitamka leo hajui kwamba anataja mavi. Mama yule alijua, na ndiyo maana alimwelekeza kijana chooni moja kwa moja, wala hakuwa akimtukana.

Ukilishika shina hilo, tabia zote za kinyaa zinaeleweka. Ya kwanza ni kwamba kinyaa huambukiza, na ladha haiambukizi. Mtu asiyependa pilipili manga ataitoa punje kwenye pilau, ataiweka pembeni mwa sahani na kuendelea kula. Lakini mtu aliyekuta unywele katika bakuli la mchuzi, hata akiuvuta wote ukatoka mzima, harudi tena kwenye lile bakuli, ingawa anajua fika kwamba mchuzi haukubadilika hata tone. Mtaalamu wa saikolojia wa Marekani aitwaye Paul Rozin, pamoja na wenzake, waliliangalia jambo hili katika majaribio waliyoyachapisha mwaka 1986. Walichukua mende aliyekufa, aliyesafishwa mpaka hakuwa na kijidudu chochote, wakamchovya katika glasi ya maji ya matunda na kumtoa, kisha wakawauliza watu kama wangekunywa. Wengi hawakutaka. Waliwapa pia chokoleti nzuri iliyofinyangwa kwa umbo la mavi ya mbwa, na watu walijivuta nyuma ingawa walikuwa wakijua vyema kwamba ni chokoleti. Rozin akaendelea kutofautisha kati ya chakula kinachokataliwa kwa ladha yake, kinachokataliwa kwa kuogopwa madhara yake, na kinachokataliwa kwa kile ambacho mtu anakijua au kukidhania juu ya asili yake. Hicho cha mwisho tu ndicho kinyaa, na Kiswahili kilikwisha kukipa jina linalotaja asili hiyo waziwazi.

Tabia ya pili ni kwamba kinyaa hufundishwa. Mtoto anayetambaa uani huokota mavi ya kuku akayatia mdomoni kwa furaha kamili, na mama yake ndiye anayepiga kelele. Baada ya miaka michache mtoto huyo huyo ndiye atakayelikataa andazi kwa sababu dada yake amelishika.

Tabia ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi, nayo ni kwamba kinyaa kinakaa katika fikra kabla ya kufika ulimini. Nichukue mfano wa papa mkavu, chakula ambacho nimekulia, na ambacho wageni wengi wa visiwa hivi hukikimbia tangu sokoni. Nyama ya papa ina yurea nyingi, kitu kile kile kilichomo katika mkojo, na papa anapokaa baada ya kufa yurea ile huvunjika na kutoa amonia, ambayo ndiyo harufu kali inayowashika watu puani na ambayo kila mpishi huitoa kwa kumrowesha na kumchemsha papa kabla ya kumtia nazi. Sasa msomaji uliyekula mchuzi wa papa miaka yote bila wasiwasi, jitazame nafsi yako baada ya kuisoma sentensi hiyo. Ikiwa moyo umekusita kidogo, hicho kilichokupitia ni kinyaa halisi, na tazama kwamba mchuzi haupo mbele yako. Ikiwa hukusikia chochote isipokuwa hamu ya wali, basi wewe ni mtu wa pwani na sina la kukufundisha. Ama yule anayemkataa papa kwa harufu tu, huyo hajaona kinyaa bado. Yeye amechukizwa na shombo, na shombo ni neno lake lenyewe, linalotaja harufu ya samaki bila kumsingizia uchafu mtu yeyote.

Hilo la shombo ningelivumilia. Linaloniudhi ni kinyaa kuchanganywa na kukinai, na kuchanganywa huko kumeingia hata kwenye mialiko ya harusi, ambako maneno yanapaswa kupimwa. Nilimsikia mwalikwa, mtu mwenye elimu yake, akimwambia mwenye shughuli kwamba biriani limemtia kinyaa. Alikusudia kusema kwamba samli ilikuwa nyingi na kwamba amekula kupita kiasi, yaani alikusudia kusifu. Mwenye shughuli alibadilika uso, akaenda jikoni kuuliza kama kuna kilichoanguka ndani ya sufuria.

Kukinai hakuna ujamaa wowote na kunya. Kumetoka katika Kiarabu, katika shina la kaf nzito, nun na ain, ambalo hutoa qanaa, yaani kuridhika na kile ulichoruzukiwa. Kiswahili kimelichukua likiwa na heshima yake yote: kinaa ni sifa njema, mtu mwenye kinaa hatupi macho kwenye sahani ya mwenziwe, na wazee wetu huiomba katika dua. Kisha Kiswahili kikafanya jambo la busara, kikalipeleka neno hatua moja mbele, kwa kuwa aliyeridhika akiendelea kulazimishwa kula huichoka neema yenyewe. Ndiyo maana nimekinai huweza kumaanisha nimetosheka, na huweza kumaanisha kwamba nimechoshwa na utamu. Halua ndiyo mwalimu wa neno hili. Kile kipande cha kwanza cha halua ya Pemba, chenye hiliki, kinachong'ara kwa samli na kunata kidogo kwenye vidole, hakina mpinzani. Kipande cha tatu kinaanza kukaa kooni. Na cha tano kinakinaisha, na ndiyo sababu huletwa na kahawa chungu, ili mtu apate kuendelea. Hakuna aliyeikinai halua bila ya kuipenda kwanza. Kinyaa hakihitaji hata kuonja.

Anayesikiliza kwa makini angeweza kuyatenga maneno haya mawili kwa sarufi peke yake. Ki- ya kinyaa ni kiambishi cha ngeli, na uchafu ukiwa mwingi ni vinyaa, ilhali ki- ya kinai ni sehemu ya shina na haing'oki. Kinai ni kitenzi, na mtendaji wake ni mlaji, kwa hiyo mtu husema nimelikinai biriani au biriani limenikinaisha. Asemaye limenikinai, kama ninavyosoma kwenye simu kila wiki, amelifanya biriani ndilo lililokula. Kinyaa ni jina na hakijawahi kuwa kitenzi, kwa hiyo huonwa au hutiwa: naona kinyaa, kimenitia kinyaa.

Kuna kundi la tatu, ambalo hukimbilia sheria. Mtu hapendi pweza, na badala ya kusema hivyo husema pweza ni makuruhu, yaani dini haipendezwi naye ingawa si haramu. Makuruhu limetoka katika shina moja na karaha, yaani chukizo, lakini katika fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, ni hukumu yenye wenyewe, na hukumu haitolewi na ulimi wa mlaji. Wengi wetu hapa Zanzibar tunafuata madhehebu ya Shafi, ambayo kwayo wanyama wa baharini kwa jumla ni halali. Wafuasi wa Hanafi ndio ambao hawali viumbe vya bahari visivyokuwa samaki, na wao wana hoja zao, haziko katika kuchukizwa na mikono ya pweza. Katika jambo hili hakuna kielelezo kizuri kuliko hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, ambamo Mtume Muhammad (S.A.W.) aliandaliwa dhabu wa kuchoma, mnyama wa jangwani wa jamii ya guruguru, naye akaurudisha mkono wake. Khalid bin Walid akauliza kama ni haramu. Akajibiwa kuwa sivyo, ila mnyama huyo hakuwapo katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haimpendi. Khalid akamvuta akamla, na Mtume akitazama. Katika jibu hilo hamna uharamu, hamna uchafu, wala hamna lawama kwa anayekula; mna nchi aliyokulia mtu na nafsi yake, basi.

Narudi kwa doriani, kwa kuwa ndilo lililoanzisha haya. Jina lake ni la Kimalei, kutokana na duri, yaani mwiba, na anayelijua ganda lake hahitaji kuelezwa kwa nini. Harufu yake imetokana na kemikali za salfa, ambazo pua ya binadamu huzikamata hata zikiwa kidogo mno, na ni kali kiasi kwamba Singapore, nchi ya watu wanaolipenda kwa dhati, hairuhusiwi kuingia nalo kwenye treni za mjini. Kwa hiyo kijana wa chai maharage alikuwa na haki ya kulalamika, na ningemuunga mkono kama angechagua neno jingine. Mwingereza Alfred Russel Wallace, mtaalamu wa viumbe aliyezunguka visiwa vya Wamalei katikati ya karne ya 19, alisimulia kwamba alipolijaribu kwa mara ya kwanza Malaka harufu yake ndani ya nyumba ilimshinda. Baadaye huko Borneo akaliokota lililoiva chini ya mti, akalila nje kwenye hewa, na tangu hapo akawa mlaji wake wa kudumu. Unywele katika mchuzi hausamehewi kwa kubadilisha mahali pa kulia. Harufu husamehewa, na watu wengi wa Unguja na Pemba walianza doriani kama Wallace, wakiwa wameshika pua kwa mkono mmoja na kokwa kwa mkono wa pili.

Wallace alishindwa kwanza, na kushindwa ni neno ambalo nasi tunalo siku zote majumbani mwetu. Mtu akikaribishwa chakula asichokiweza, husema kwa upole kwamba kinamshinda: papa ananishinda, mchunga unanishinda. Aibu, kama ipo, anaichukua yeye, na chakula cha mwenyeji kinabaki kisafi sahanini. Laiti kijana yule angesema, "Mama, samahani, doriani linanishinda," nadhani mama angelisogeza pakacha nyuma karibu na utingo, na huenda angemuuliza kama amewahi kulila likiwa jipya kutoka mtini au amelijua kwa harufu tu.