Je, wajua kwa nini “get” ya Kiingereza ina maana nyingi hivyo?

Waongozaji wa wageni wa Moshi na Arusha hulisikia neno hili kutwa nzima. Mgeni aliye kambini Barafu, Mlima Kilimanjaro, saa sita usiku kabla ya kuanza kupanda kuelekea kilele cha Uhuru, anasema “I'm getting cold” (naanza kusikia baridi), kisha “get the water” (lete maji), kisha “I don't get it” (sielewi), kisha “let's get going” (tuanze safari). Aliyefundishwa kwamba “get” ni kupata ataelewa la maji, mengine yatampita.

Neno lenyewe liliingia Uingereza na watu wa Skandinavia waliohamia huko zama za Waviking. Kwao “geta” ilikuwa kupata na pia kufikia. Waingereza walikuwa na ndugu yake, ila aliishi ndani ya maneno mengine tu, kama “forget”, ambalo asili yake ni kuachia ulichokuwa umekishika. Shika hizo maana mbili, kupata na kufikia, kwa kuwa karibu zote nyingine zimechipuka humo. “Get a ticket” ni kupata tiketi. “Get to Moshi” ni kufika Moshi. Na mtu hafiki mahali tu, hufikia hali pia: “get tired”, “get wet”, “get sick”.

Hapa ndipo Kiswahili na Kiingereza vinapoachana njia. Sisi tuna kuchoka, kulowa, kulewa, kuugua: vitenzi ambavyo ndani yake tayari mtu anaingia katika hali. Mwingereza ana “tired” na “wet”, maneno ya sifa yanayotaja hali na kuishia hapo. Anahitaji kitenzi cha kumfikisha mtu kwenye hali hiyo, na kazi hiyo kaipa “get”. Akishafika, anatumia “be”. Kwa hiyo “I'm tired” ni nimechoka, na “I'm getting tired” ni naanza kuchoka. Kosa la “I am get tired” linatokana na kuvipanga vyote viwili pamoja bila kuchagua.

Mlimani tofauti hiyo si ya darasani. “Have you got a headache?” inauliza kama kichwa kinauma sasa hivi. “Are you getting a headache?” inauliza kama kinaanza. Swali linalofuata ndilo zito kuliko yote: “Is it getting better or getting worse?”, yaani kinapungua au kinazidi, kwa sababu mgeni ambaye dalili zake za ugonjwa wa mwinuko zinazidi anapaswa kushushwa, hata kama bado anatembea. Mgeni akijibu “it's getting there”, usidhani amesema kichwa kinazidi. Anamaanisha mambo yanakaribia kuwa sawa. Muulize tena kwa maneno mepesi zaidi.

Sasa tazama mkia wa kitenzi chetu. Tukitaka kubadili nani anafanya na nani anafanyiwa, tunaongeza sauti au silabi: shona, shonwa, shonea, shonesha. Kitenzi cha Kiingereza hakina mkia wa namna hiyo, kwa hiyo “get” hubeba sehemu ya mzigo huo na neno linalofuata humaliza maana. Kausha buti ni “get the boots dry”. Shonesha buti kwa fundi ni “get the boots stitched”. Niletee maji ni “get me some water”. Patana na mpishi ni “get on with the cook”. Kwenye lango la hifadhi, ambako mizigo ya wapagazi hupimwa isizidi kilo 20, “get the bag” ni lete begi, lakini “get the bag weighed” ni lipeleke likapimwe. Ukikatisha sentensi kabla ya neno la mwisho umepoteza agizo lote.

Kuna kosa moja linalostahili kukaliwa. Kiswahili kinatofautisha kuibwa na kuibiwa kwa silabi moja: aliyeibwa kachukuliwa yeye mwenyewe, aliyeibiwa kachukuliwa mali yake. Mtu anayetaka kusema nimeibiwa simu stendi husema “I was stolen my phone”, na Mwingereza anasikia kwamba yeye ndiye aliyebebwa. Sema “my phone got stolen” au “I got my phone stolen”. Katika sentensi hiyo ya pili “get” inafanya kazi ya ile “-i-” ya kuibiwa: inaonyesha jambo limemwangukia nani. Ukitaka kumtaja mtu tu bila simu, badili kitenzi, “I got robbed”.

Kushuka nako kunahitaji uangalifu. Abiria wa daladala na wa teksi wote kwetu wanashuka. Kwa Kiingereza, basi au treni ni “get off”, gari dogo ni “get out of”. Ukimwambia mgeni wa safari “get off the car”, umemwambia ashuke kutoka juu ya gari. Sema “you can get out here”, ila hakikisha kwanza kwamba hapo si mahali pasiporuhusiwa kushuka hifadhini. Ondoa “you can” ibaki “get out!”, na umemfukuza. “Get down” kwa mgeni aliyesimama ndani ya gari la safari, kichwa nje ya paa lililofunguliwa, ni inama au keti upesi.

Sikio nalo lina kazi yake. “We get to see elephants” ni tunapata kuwaona tembo, karibu neno kwa neno na Kiswahili. “We've got to see the ranger” ni lazima tumwone askari wa hifadhi. Kinachotofautisha ni “'ve got” mbele ya “to”, na Mmarekani akiharakisha hutamka kitu kama “gara”. Huyohuyo akisema “get it” hulainisha “t” ya kwanza, unasikia kitu kama “gerit”.

Mmarekani pia ana “gotten”, umbo la zamani ambalo Waingereza wengi wameliacha. Kwake “I've got the tickets” ni ninazo tiketi, na “I've gotten the tickets” ni nimefanikiwa kuzipata. Mwingereza husema “I've got” kwa zote mbili, kwa hiyo ukiwa na wageni mchanganyiko na unataka kujua kama pasi za kusafiria ziko mkononi, uliza “Do you have your passports with you?”, ambayo wote wawili wanaielewa kwa namna moja.