Je, wajua kwa nini risasi ya Magnum hutaka baruti ya polepole?

Risasi ya .38 Special na ya .357 Magnum ni za revolva, na hubeba kichwa (kipande kinachoruka) cha kipenyo kile kile, na mara nyingi uzito ule ule wa greni 158, yaani gramu 10 na kidogo. Ganda la Magnum limezidi kwa milimita tatu na nusu hivi. Hata hivyo, kampuni za Smith & Wesson na Winchester zilipoitoa Magnum mwaka 1935, ilitangazwa kuwa na mwendo wa futi 1,515 kwa sekunde, karibu mita 460, katika mtutu mrefu wa inchi 8 na robo tatu. Special ya kawaida huenda nusu ya hapo. Na zile milimita hazikuongezwa ili baruti ipate nafasi. Ziliongezwa ili risasi hiyo kali isiweze kuingia kwenye silinda ya .38 (gurudumu la revolva linaloshika risasi) na kuipasua.

Basi nguvu yote hiyo yatoka wapi? Nchini Marekani, ambako kujaza risasi nyumbani ni halali na wengi hufanya hivyo, hili ndilo swali la kwanza la anayenunua kopo la baruti kwa ajili ya revolva ya Magnum.

Jibu linaanzia kwenye kikomo cha shinikizo la gesi ya baruti. SAAMI, chombo cha Marekani kinachopanga viwango vya risasi, kimeiwekea .38 Special pauni 17,000 kwa inchi ya mraba, .357 Magnum 35,000, na .44 Magnum 36,000. Huruhusiwi kuvuka hapo, kwa baruti yoyote ile. Sasa fikiria jiko la kuni. Ukitia makuti makavu, mwali huruka juu mara moja kisha hufa. Ukitia kuni nzito, moto hupanda taratibu na kudumu. Baruti ya haraka kama Bullseye ni makuti: shinikizo hufika kileleni kichwa cha risasi kikiwa hakijasogea sana, kisha huporomoka. Baruti ya polepole kama 2400 au H110 hufika kilele hicho hicho, lakini huendelea kusukuma kichwa kikiwa tayari ndani ya mtutu. Kilele ni kimoja, msukumo ni mrefu zaidi, kwa hiyo mwendo ni mkubwa zaidi. Ukilazimisha baruti ya haraka ikupe mwendo huo, utavuka kikomo kabla ya kuufikia.

Wengi huamini kwamba mtutu mfupi unataka baruti ya haraka. Si kweli kwa kawaida. Baruti inayoongoza kwa mwendo katika mtutu wa inchi 8 mara nyingi huongoza hata katika mtutu wa inchi 4. Kinachobadilika ni mwako na mshindo: gesi hutoka mdomoni zikiwa bado na moto mwingi, na nyingine hupenya kwenye uwazi kati ya silinda na mtutu. Vichwa vyepesi vya greni 110 au 125 vikisukumwa na dozi kubwa ya baruti ya vipunje vya mviringo hula mdomo wa nyuma wa mtutu kwa kasi. Anayetaka revolva yake idumu achague kichwa kizito.

Tabia ya baruti ya polepole inayopaswa kueleweka vizuri kuliko zote ni hii: kadiri shinikizo linavyopanda ndivyo inavyoungua kwa kasi zaidi, na likikosa kupanda, moto husinzia. H110 ndiyo ngumu kupita zote hapo. (W296 ni baruti hiyo hiyo kwa jina lingine.) Hodgdon, wanaoiuza, huonya dozi yake isipunguzwe zaidi ya asilimia 3 chini ya ile iliyochapishwa. Ukiipunguza ili upate risasi laini, yaweza kuungua nusu na kukiacha kichwa kimekwama ndani ya mtutu. Risasi inayofuata ikipigwa hapo, mtutu huvimba au hupasuka. Ndiyo sababu H110 hutaka fataki (kidonge cha kuwashia baruti kitakoni mwa ganda) ya Magnum, kichwa kizito, na mdomo wa ganda uliobanwa barabara kwenye mfereji wa kichwa. Huo mbano hufanya kazi mbili: huzuia kichwa kisiondoke kabla moto haujashika, na huzuia vichwa vya risasi zinazongoja visichomoke kwa mtikiso wa risasi iliyopigwa. Kikichomoka kimoja na kutokeza mbele, silinda haizunguki tena.

Kwa anayeanza, tungemshauri 2400. Inavumilia kupunguzwa, na wengi huiwasha kwa fataki ya kawaida. Akitaka risasi za wastani za mazoezi, Unique, iliyo ya haraka kuliko 2400, inatosha, ila ina hatari yake. Dozi ya baruti za haraka ni ndogo sana. Ya Bullseye yaweza kuwa theluthi tu ya dozi ya H110, kwa hiyo ganda hubaki na nafasi kubwa, na dozi mbili huingia bila kumwagika. H110 hulijaza ganda kiasi kwamba dozi ya pili ingefurika na kuonekana. Panga maganda 50 kwenye kibao chake, yamulike kwa tochi, ulinganishe kimo cha baruti kabla ya kuweka kichwa hata kimoja.

Kiasi chenyewe cha dozi kichukue kwenye kitabu cha sasa cha mtengenezaji, kwa kichwa kile kile na fataki ile ile. Anzia dozi ya kuanzia iliyochapishwa na upande kidogo kidogo. Mezani liwepo kopo moja tu. Maganda yakianza kung'ang'ania kwenye silinda, umeshapita kiasi. Usingoje fataki ibapike, kwa sababu dalili hiyo haiaminiki.

Ukikuta vipunje visivyoungua ndani ya silinda, kaza mbano kwanza. Na unapotoa maganda, elekeza mtutu juu ili vipunje vianguke pamoja nayo. Kikiingia kimoja chini ya nyota ya kutolea maganda, silinda haitafunga.