Barua ya ushindi si mkataba

Majuzi alinijia mwanakandarasi wa kuchimba visima akiwa na bahasha ya kaki iliyojaa picha. Picha za mtambo, za maji yakiruka, za viongozi wakikata utepe. Visima vitatu, wananchi wanachota, na huu ni mwaka wa pili kaunti haijamlipa hata ndururu. Nikamuuliza, "Mkataba uko wapi?" Akachomoa barua ya kumjulisha kwamba ameshinda zabuni. "Si huu hapa, wakili?"

Siyo huo. Kifungu cha 135 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya Kenya ya mwaka 2015 kinasema hakuna mkataba wowote baina ya mshindi na taasisi ya umma mpaka mkataba wenyewe ulioandikwa utiwe saini na pande zote mbili. Saini hiyo haitiwi kabla ya siku 14 kupita tangu barua itolewe, wala baada ya muda wa uhalali wa zabuni kwisha. Zile siku 14 ni za walioshindwa: wakiwa na malalamishi, ndio wakati wao. Kwa hiyo anayepeleka mtambo shambani siku ya tatu baada ya barua anafanya kazi ambayo kisheria haijazaliwa.

Najua inavyokuwa. Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30, afisa ana pesa asizotaka zirudi hazina, naye anakupigia simu: "Anza tu kazi, karatasi zitafuata." Si lazima awe tapeli. Mara nyingi anaamini anachosema. Kisha anahamishwa, au uchaguzi unakuja na gavana mpya na timu yake, na anayeketi kwenye kiti kile hakujui wala hana sababu ya kukujua.

Kesi ninayowasomea wateja wangu wote ni ya Royal Media Services dhidi ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 2019. Kampuni ilidai malipo ya matangazo. Ikashindwa Mahakama Kuu, ikakata rufaa, ikashindwa tena. Sababu? Utaratibu wa ununuzi wa umma haukufuatwa, na mahakama haiwezi kuamuru fedha za umma zilipe kitu kilichonunuliwa nje ya sheria. Kama shirika kubwa la habari lenye mawakili wake lilitoka mikono mitupu, mwenye mtambo mmoja wa kuchimba visima atarajie nini?

Hukumu hiyo inaniuma, nakiri. Aliyevunja sheria kwanza ni ofisi ya umma, na ndiyo inayobaki na huduma ya bure. Lakini kila nikijaribu kuandika hukumu tofauti kichwani, nakwama palepale: kama kazi iliyokwisha kufanywa ingetosha kudai malipo, kila mwenye shemeji kaunti angeanza kazi kwanza na zabuni ingeitishwa baadaye kwa sura tu. Kifungu cha 227 cha Katiba, kinachodai ununuzi wa haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu, kingebaki pambo.

Kuna anayenitupia mfano wa SGR, reli ya kisasa, akisema huko kazi iliyokwisha kufanywa ilikubaliwa. Treni zilianza kubeba abiria Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ikasema ununuzi wa reli hiyo ulikiuka sheria. Juni 2023 Mahakama ya Juu ikaupindua uamuzi huo. Sawa. Ila reli ile ilikuja na makubaliano baina ya serikali mbili, Kenya na Uchina. Wewe una simu ya afisa.

Kalenda nayo imewafilisi wengi. Ukiona umeonewa katika zabuni, una siku 14 kufika mbele ya bodi inayosikiliza malalamishi ya zabuni, PPARB, na ukishafika, zabuni inasimama. Bodi ina siku 21 kuamua. Asiyeridhika ana siku 14 kwenda Mahakama Kuu, ambayo nayo ina siku 45. Wengi walidhani siku hizo 45 ni pendekezo, maana nani amewahi kumharakisha jaji? Katika kesi ya Aprim Consultants ya mwaka 2021, Mahakama ya Rufaa ilisema hukumu iliyotolewa nje ya siku hizo ni batili, na uamuzi wa bodi ndio unaobaki. Tangu hapo, siku ya kwanza ya kesi ya zabuni namwomba jaji tarehe ya hukumu kabla sijaeleza mteja wangu alikosewa nini.

Tuseme una mkataba wenye saini, umeshtaki, umeshinda. Swali linalofuata huwa moja: "Dalali aende akavute magari yao lini?" Haendi. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali kinakataza kukamata mali ya serikali kwa ajili ya deni, na kaunti nazo zimo chini ya mwavuli huo. Unachofanya ni kuchukua cheti cha amri kutoka mahakamani, kukipeleka kwa afisa mhasibu, yaani anayewajibika kwa fedha za ofisi hiyo, kisha kurudi kuomba amri ya kumlazimisha alipe. Akikaidi, ndipo unapomshtaki yeye binafsi kwa kudharau mahakama. Hapo, kwa uzoefu wangu, ndipo simu huanza kulia, kwa kuwa sasa anayetishiwa jela ana jina, mke na watoto. Lakini benki iliyokukopesha pesa za mtambo haikungoji wakati wote huo.

Yule wa visima nilimwomba arudi nyumbani akatafute kila kitu: jumbe za simu, kumbukumbu za mikutano, hati ya kupokea kazi. Alirudi Ijumaa na karatasi moja tu mpya, barua ya mkuu wa idara inayomwambia aendelee na kazi. Ina muhuri. Haina tarehe.