Friji Imeungua, Lakini Moto Haukuwaka: Janga na Kihatarishi katika Bima ya Nyumba

Katika kazi yangu ya kutathmini hasara za bima hapa Dar es Salaam, hakuna simu ninayoipokea mara nyingi kuliko hii: "Friji yangu imeungua, na bima ya moto ninayo." Anayesema hivyo hasemi uongo. Kiswahili chetu kinakubali friji kuungua, shati kuungua kwa pasi na wali kuungua chini ya sufuria bila mwali hata mmoja kuonekana. Hati ya bima haikubali. Ndani ya hati, moto ni kitu kuwaka kweli, kwa bahati mbaya, mahali ambapo hakikukusudiwa kuwaka. Mota ya friji iliyokufa kwa sababu umeme ulirudi kwa nguvu baada ya kukatika haimo. Pazia lililoshika moto uliotoka kwenye mota hiyo limo.

Nimeanza na friji kwa sababu madai mengi niliyoyaona yakikwama yalikwamia hapo hapo, kwenye jina la kilicholeta hasara. Wenye nyumba husoma hati wakitafuta orodha ya mali zao, ilhali sehemu inayoamua malipo ni ile inayotaja mali hiyo imepatwa na nini. Na kwa kuwa hati nyingi ninazozikuta majumbani zimeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, wengi hawazisomi kabisa hadi siku ya msiba.

Tukio linaloleta hasara lenyewe ndilo tunaloliita janga: moto, radi, mafuriko, tetemeko, wizi. Kihatarishi ni hali inayolirahisishia janga kutokea, au inayoikuza hasara likishatokea. Makuti juu ya banda la Paje au Kigamboni si janga, kwa maana makuti hayajichomi. Lakini cheche moja ya jiko ikiyafikia, hakuna ndoo ya maji itakayowahi. Mtungi wa gesi uliobanwa nyuma ya jiko, dumu la petroli ya jenereta lililowekwa stoo, nyaya zilizoungwa na fundi wa kuokotwa mtaani, vyote hivyo ni vihatarishi. Kampuni hupanga ada kwa kutazama vihatarishi, na hulipa fidia kwa kutazama majanga. Ndiyo maana kuficha kihatarishi wakati wa kujaza fomu ya maombi ni kosa linaloweza kubatilisha mkataba mzima, na mtu aliyejenga kibanda cha makuti juu ya baraza baada ya kukata bima anapaswa kuitaarifu kampuni, hata kama hakuna aliyemuuliza. Hali kadhalika nyumba inayobaki tupu: mikataba mingi huweka kikomo, mara nyingi siku 30, na baada ya hapo kinga ya wizi husimama mpaka watu warudi.

Bima ya moto ya msingi ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani. Hukinga moto, radi na mlipuko wa gesi ya matumizi ya nyumbani. Mengine huongezwa kwa jina na kwa ada yake: tetemeko, dhoruba na mafuriko, ghasia, uharibifu wa makusudi, gari kugonga ukuta, matangi na mabomba kupasuka au kufurika. Ardhi ilipotikisika Kagera tarehe 10 Septemba 2016, kwa ukubwa wa 5.9, kuta zilipasuka na nyumba nyingi zikaanguka Bukoba na vijiji vya jirani. Mwenye hati ya moto peke yake hakuwa na dai hapo, na hata moto unaozushwa na tetemeko kwa kawaida hati hiyo huutoa nje.

Lakini hakuna janga linalonitesa kama maji.

Masika moja niliitwa Tabata, kwa mzee aliyestaafu. Sebuleni zulia lilikuwa linatoa maji kila nilipokanyaga, na kabati la televisheni lilikuwa limevimba miguuni kama mandazi. Mzee alikwisha jiandaa kujaza fomu ya madai, na neno alilotaka kuandika lilikuwa moja tu: mafuriko. Nilimwomba asubiri kidogo, nikapiga magoti pembeni ya ukuta kutafuta mstari wa tope. Mafuriko yakiingia ndani huacha alama iliyonyooka, ya kimo kimoja katika kila chumba, yenye mchanga na takataka ndogo ndogo. Pale hapakuwa na mstari. Nilipoinua macho nikaona dari ya gipsamu imelegea na kufanya duara za kahawia, na maji yaliyokuwa sakafuni yalikuwa masafi kabisa. Tukapanda juu: boya la tanki lilikuwa limekwama, maji ya bomba yaliporudi usiku tanki likafurika mpaka alfajiri. Mvua ya usiku ule haikuhusika na chochote.

Tofauti hiyo ilikuwa na bei yake. Miaka miwili nyuma, kwa kuwa nyumba haiko mbali na bonde la Msimbazi, mzee alikubali mafuriko yaondolewe kwenye kinga yake ili ada ipungue. Kufurika kwa matangi kulibaki. Kwa kuandika "mafuriko" angekuwa amejikatalia dai kwa mkono wake mwenyewe. Nilimwambia, "Mzee wangu, andika ulichokiona, jina tutalitafuta." Nawaambia wote hivyo.

Maji hayo hayo yangepita kwenye bati lililooza kwa kutu ya miaka, jibu lingekuwa uchakavu, ambao haulipwi na mkataba wowote ninaoujua. Yangepita pale upepo ulipong'oa bati, ingekuwa dhoruba. Wizi nao una mtego wa namna hiyo: hati nyingi hudai dalili za kuvunja, kama kufuli lililokatwa au grili iliyopindwa, hivyo aliyeacha mlango wazi akaibiwa redio ameibiwa kweli, ila hakuvunjiwa.

Kuna kinga ya majanga yaliyotajwa, ambayo ndiyo niliyoieleza, na kuna ile inayouzwa kwa jina la hatari zote, hasa kwa vitu vya kubeba kama kompyuta mpakato, kamera na vito. Jina hilo la pili linadanganya, kwa sababu kutu, mchwa, uchakavu na vita hubaki nje. Faida yake halisi iko kwenye ushahidi: katika majanga yaliyotajwa ni wewe unayepaswa kuonyesha kwamba janga lililotajwa ndilo lililotokea, ilhali katika hatari zote ukishathibitisha hasara, ni kampuni inayopaswa kuonyesha kwamba chanzo chake kimetolewa nje.

Jengo na vyombo vya ndani ni vifungu viwili tofauti. Aliyekata bima kwa sababu benki ilimtaka wakati wa mkopo kwa kawaida amekinga jengo tu, na mpangaji anahitaji kinga ya vyombo tu. Dhima kwa wageni, yaani fidia unayodaiwa na mtu wa nje aliyeumia kwako, na kinga ya wafanyakazi wa nyumbani huongezwa kando.

Thamani ndiyo inayowaumiza wengi zaidi. Jengo hukatiwa bima kwa gharama ya kulijenga upya, bila kiwanja, maana ardhi haiungui; nimewakuta watu wa Masaki wakilipia ada ya kiwanja mwaka hadi mwaka. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Mzee wa Tabata alikuwa na vyombo vya shilingi milioni 40, akavikatia bima kama vya milioni 20. Hasara yake ilikuwa milioni 3. Kwa kanuni ya uwiano, aliyekinga nusu hulipwa nusu, hata kama hasara ni ndogo kuliko kiasi alichokinga. Ikawa milioni 1.5, na humo kikatolewa kile kiasi ambacho mwenye bima hubeba mwenyewe katika kila dai. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama anaweza kuipandisha thamani hiyo sasa. Nikamjibu kwamba anaweza, kwa hasara itakayofuata.